Laini ya Ruiru: kila kitu kimehama isipokuwa reli

Ndani ya siku tano za Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alikata utepe mara mbili. Tarehe 9 ilikuwa barabara kuu ya Thika, takribani kilomita 50 za lami iliyopanuliwa kwa miaka kama mitatu. Tarehe 13 ikawa zamu ya stesheni ya Syokimau, iliyosifiwa kuwa ya kwanza mpya kujengwa tangu uhuru. Laini ya reli ya Nairobi–Ruiru ilikuwa na haki ya kualikwa kwenye sherehe zote mbili. Inahudumia watu walewale wa barabara ya Thika, na ni tawi la mtandao uleule wa Syokimau. Haikualikwa kokote.

Kisa cha laini hii huelezwa kwa haraka kwamba ni uzembe. Shirika la reli lilizembea, serikali ikazembea, wachuuzi wakaingia. Uzembe upo, sikatai, lakini hautoshi kueleza mambo. Kwa zaidi ya miaka 50 kila kilicho kando ya reli hiyo kimebadilika: nyumba, soko, barabara, mwenye shirika, hata mabehewa. Kisichobadilika ni njia yenyewe, reli moja inayokwenda na kurudi palepale, yenye nafasi chache za treni mbili kupishana. Karibu kila mradi uliotangazwa umegusa kile ambacho abiria anakiona, ukaiacha hiyo njia moja ilivyokuwa. Hapo ndipo kisa kinapokwamia.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, ikaweka kambi na karakana mahali palipokuwa kinamasi. Tawi la Thika lilifunguliwa 1913. Wakubwa wa koloni waliliita tramu, si reli, kwa sababu kuomba fedha za reli kamili London kungekuwa shughuli nyingine kabisa. Ujanja wa kubadilisha jina la mradi ili upite ofisini haukuanza jana. Kutoka Thika njia ikaendelea kupanda, ikafika Nanyuki karibu 1930. Iliwekwa kwa ajili ya mkonge, kahawa, na mazao ya mashamba ya walowezi. Stesheni zake zilikaa pale ambapo gunia lingepakiwa kwa urahisi. Hakuna aliyemfikiria karani wa Githurai, maana Githurai tunayoijua leo haikuwapo.

Mfanyakazi wa kawaida wa reli wala hakuhitaji treni ya kwenda kazini. Muthurwa, Landimawe na Makongeni zilikuwa mitaa ya reli, na kutoka huko mtu alitembea kwa miguu hadi karakana. Mambo yaligeuka baada ya uhuru. Sensa ya 1969 iliwahesabu watu 509,286 jijini. Ile ya 2019 ikawahesabu 4,397,073, na hiyo ni kaunti ya Nairobi peke yake, Ruiru ikiwa ng'ambo, Kiambu. Wengi wao walielekea mashariki. Katika miaka ya 1970 Buruburu na Umoja zilipanda, na Dandora ikagawanywa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaa hiyo yote iko mahali ambapo reli ya Thika hupita au hukaribia. Kwenye ramani ungedhani mtu amepanga. Hakuna aliyepanga. Reli ilikuwa mali ya shirika la Afrika Mashariki ambalo lilikuwa linaelekea kuvunjika, na nyumba zilikuwa za halmashauri ya jiji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda shirika lake la reli mwaka uliofuata, likarithi injini chakavu, madeni, na fikra kwamba hela iko kwenye mizigo ya Mombasa.

Wakati huo jibu la usafiri lilikuwa limeshapatikana kwingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo. Tangu siku hiyo jiji likawa linakua kwa kufuata mahali matatu yanapofika, si mahali stesheni ilipo.

Treni ya abiria wa mjini ilipoanza kuzoeleka kwenye laini hii, ilikuwa injini ya dizeli na mabehewa ya zamani yaliyokwisha kufanya kazi ya safari ndefu. Moja au mbili asubuhi kuingia mjini, na hivyohivyo jioni kutoka. Nauli ilikuwa chini ya ile ya matatu, tena haikupanda mvua iliponyesha, jambo ambalo mkazi yeyote wa Nairobi analijua thamani yake. Ilijaa. Watu walining'inia mlangoni, wengine wakapanda paa. Basi kila mgeni huuliza, na wenyeji nao huuliza: kama inajaa hivyo, mbona wasiongeze treni?

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme safari ya Ruiru hadi mjini, kilomita zipatazo 30, huchukua saa moja na robo pamoja na kusimama. Treni inayoondoka saa 11:45 alfajiri inafika mjini saa 1 kamili. Ikigeuka papo hapo, inarudi Ruiru saa 2:15. Ikibeba tena, inafika mjini saa 3:30, wakati karani ameshasaini kitabu cha kuchelewa. Kwa hiyo seti moja ya mabehewa ina safari moja tu ya maana kila asubuhi. Ukitaka treni nne zitoke Ruiru kati ya saa 11 na saa 1, lazima nne zilale Ruiru. Panahitajika njia za kuegesha, ulinzi wa usiku, mahali pa kuzisafisha na kuzikagua. Na ukitaka hata moja irudi wakati nyingine zinakuja, lazima pawe na mahali pa kupishana katikati, tena patoshe urefu wa treni, na pawe na mtu au mtambo wa kugeuza njia.

Kuna kanuni nyingine ya kale. Kati ya stesheni na stesheni huruhusiwa treni moja tu. Dereva hatoki mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwamba njia ni tupu. Stesheni zenye wafanyakazi zikiwa mbalimbali, treni ya nyuma nayo husubiri sana. Kanuni hii inaokoa maisha na siilaumu. Lakini ndiyo inayoamua ni treni ngapi zitapita, kuliko idadi ya injini zilizonunuliwa.

Halafu kuna hasara. Treni iliyojaa asubuhi na jioni hukaa bure tangu saa 3 hadi saa 10, ilhali dereva, mlinzi na mkopo havikai bure. Matatu huzunguka mchana kutwa ikiokota wa sokoni na wa hospitalini. Treni ya nauli ndogo inayofanya kazi saa chache haiwezi kujilipia, na sijui kwa nini tumezoea kushangaa jambo hilo. Barabara ya Thika nayo haikujilipia kwa nauli, ililipiwa kwa kodi na mikopo, na hakuna aliyeiita hasara.

Mkataba wa kukodisha reli ulikuja juu ya hali hiyo. Kampuni ya Rift Valley Railways ilichukua usukani Novemba 2006, kwa makubaliano ya miaka 25 kwa mizigo na muda mfupi zaidi kwa abiria. Tofauti hiyo ya miaka inakuambia abiria walionekana vipi tangu mwanzo. Wenye hisa wakubwa walibadilika njiani, kutoka kampuni ya Afrika Kusini hadi ya Misri, na 2017 mkataba ukavunjwa. Kwa muda huo wote akili ilikuwa kwenye makontena ya Uganda. Tawi la Nanyuki juu ya Thika lilizidi kulala. Majani yakafunika mataruma, ile mihimili ya chini inayoshika vyuma vya reli, na vyuma vikageuka mali ya wauza skrepu. Kipande cha Ruiru kilinusurika kwa sababu kilikuwa na watu, si kwa sababu kilikuwa na mipango.

Sasa tufike Githurai, maana kesi yenyewe iko hapo. Barabara ya Thika na reli hutoka mjini zikiwa mbali. Moja hupitia Pangani na Roysambu, nyingine huzunguka mashariki kupitia Makadara, Dandora na Mwiki. Hukaribiana Githurai, upande unaoitwa 45, na soko limekaa hapo ambapo miguu ya stendi hukutana na miguu ya stesheni. Ni mahali pazuri mno pa biashara. Anayeshuka matatu jioni ananunua sukuma wiki, nyanya na ndizi kabla hajafika nyumbani, na bei ni nafuu kuliko ya mjini. Mwenye kibanda ndani ya soko rasmi hulipa kodi na kuketi nyuma ya wenzake. Aliyetandika gunia kando ya reli huona kila mteja.

Vitu vimepangwa hadi kwenye kingo za mataruma. Treni inapokaribia, kijana wa mkokoteni hupaza sauti: "Mathe, treni! Songesha nyanya!" Na mama hujibu bila kuinuka: "Wacha haraka, kijana wangu, bado iko Kahawa." Huwa hakosei. Ratiba anaijua kuliko ubao wa stesheni, na honi ya kwanza humtosha kukunja gunia. Treni ikishapita, gunia linarudi kabla behewa la mwisho halijapotea.

Watu wa mipango huliona soko hili kama uvamizi, na watetezi wa wachuuzi huliona kama ustadi wa maskini. Mimi naliona kwanza kama jibu la swali la ratiba. Ardhi inayotumiwa na reli kwa dakika chache kwa siku itatumiwa na mtu mwingine saa zinazobaki. Treni zingepita kila dakika 15, hakuna mama angeweza kukunja na kutandika mara nne kwa saa. Soko limeingia relini kwa sababu treni ni chache, kisha treni haziwezi kuongezwa upesi kwa sababu soko liko relini. Bomoabomoa huvunja upande mmoja wa mzunguko huo. Ndiyo maana vibanda huvunjwa Jumatatu na kurudi kabla ya wiki kuisha.

Gharama yake kwa reli huonekana chini, kwenye kokoto. Kokoto huyashika mataruma yasicheze, na hupitisha maji. Zikijaa udongo, maganda ya mboga na chupa za plastiki, maji hayana pa kwenda. Taruma hudidimia treni ikipita na kusukuma tope juu; treni ikishapita, reli haikai tena sawasawa. Hatua ya kwanza ya mhandisi ni kupunguza kasi hapo. Ongeza mitaro ya majumba ya ghorofa yaliyojengwa bila mfereji wa maana, inayomwaga kila kitu kwenye hifadhi ya reli kwa kuwa ndiyo nafasi tupu iliyobaki. Mvua kubwa za Aprili 2024 zilipofika, treni za abiria wa Nairobi zilisimamishwa. Watu walilaumu mawingu. Mimi ningeanza na kokoto.

Vivuko navyo vina habari yake. Mwishoni mwa Oktoba 2013, katika kivuko cha Mutindwa, kati ya Buruburu na Umoja, treni iligonga basi la abiria asubuhi na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Mjadala uliofuata ulikuwa wa dereva na haraka yake. Haraka ipo, lakini kivuko hicho kiko katikati ya soko na stendi, na barabara inayokikata ilikuwa ya mtaa mdogo kabla mtaa haujawa mji. Kila treni unayoiongeza kwenye laini hii ni kufunga vivuko vyote mara moja zaidi. Ukifikisha treni nne kwa saa bila madaraja ya kuvukia, Umoja nzima itasimama. Hapo tena utaona kwamba kuongeza treni si kununua treni.

Na ndicho kilichofanywa: zilinunuliwa treni. Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alizindua huduma mpya ya abiria wa Nairobi kwa magari ya reli ya dizeli yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, kutoka Mallorca, kisiwa cha Uhispania. Mitandaoni watu walicheka: mitumba imefika hadi relini! Kejeli hiyo haikuwa ya haki. Reli ya Mallorca ina upana wa mita moja kama yetu ya zamani, na si nchi nyingi zenye magari ya kisasa ya upana huo ya kuuza. Kisiwa kilikuwa kimehamia umeme, magari yakabaki. Kwa mnunuzi mwenye reli ya 1899, hiyo ilikuwa bahati.

Yana faida halisi. Yana chumba cha dereva pande zote mbili, kwa hiyo yakifika mwisho wa safari hakuna kufungua injini, kuizungusha na kuifunga upande wa pili. Huchomoka upesi kutoka kituoni, jambo la maana pale ambapo vituo viko karibukaribu. Milango hujifunga yenyewe, hakuna kuning'inia. Lakini hapo pana jambo lililopita bila kusemwa. Treni ya zamani, kwa ubaya wake wote, ilivuta mabehewa mengi na kubeba hata walioning'inia. Gari fupi la milango iliyofungwa hubeba wanaoenea ndani, waliobaki hubaki jukwaani. Usalama umepanda, starehe imepanda, na kama idadi ya safari haijapanda kwa kiasi hichohicho, basi laini ya Ruiru inaweza kuwa na treni nzuri zaidi inayowafaa watu wachache zaidi. Ndiyo maana mabehewa ya kuvutwa na injini hayajaweza kuachwa kwenye laini zenye umati.

Kwa upande wa barabara, hadithi imegeuka pia. Ile lami ya 2012 ilipunguza muda wa safari kwa mwanzo, na wenye viwanja waliliona hilo kabla ya mtu mwingine. Kahawa, Ruiru na viunga vyake vikaota ghorofa. Leo foleni haijaondoka, imehamia Pangani na kwenye mizunguko ya kuingia mjini, na vituo vya mabasi ya kasi vilivyoanza kujengwa katikati ya barabara vimekaa miaka bila basi la kuvitumia. Kwa hiyo mtu wa Ruiru anaitazama tena reli. Hata tawi la juu limefufuliwa. 2020 njia ya hadi Nanyuki ilikarabatiwa na treni ikapanda tena. Kila treni ya Nanyuki, ya abiria au ya mafuta, hupita kwenye reli ileile moja ya Githurai.

Ningepewa kalamu, nisingeanza na stesheni mpya. Ningeanza na njia za kupishana, mbili au tatu ndefu, pale ambapo stesheni za zamani bado zina nafasi, kisha uegeshaji wa usiku Ruiru, kisha vivuko vya Mutindwa na Githurai kwa daraja au njia ya chini. Njia ya pili kamili ifuate baadaye. Reli mbili za upana wa mita moja hazihitaji zaidi ya mita kumi hivi za ardhi, na hifadhi ya asili ilikuwa pana kuliko hapo kwa mbali. Hakuna kati ya hayo linalopendeza kukatiwa utepe. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya kutofanywa.

Kuhusu watu, mfano tunao, tena uko kwenye laini nyingine ya jijini humuhumu. Machi 2010 wakazi wa kando ya reli Kibera walipewa notisi ya siku 30. Amnesty International ilisema walioathiriwa ni zaidi ya 50,000. Kelele ikawa kubwa, notisi ikakwama, na badala yake ukaja mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: kaya zikaandikishwa, zikajengewa vyumba na vibanda pembeni ya hifadhi, ukuta ukawekwa kati yao na reli. Ulichukua miaka, na malalamiko hayakuisha. Lakini treni hupita, na watu hawakutupwa. Kilichofanya kazi pale ni kukubali kwamba aliye relini ni lazima awe mahali fulani, na kwamba mahali hapo pawe hatua chache tu kutoka alipo mteja wake. Mama wa Githurai ukimpeleka kwenye soko la ghorofa lililo mbali na stendi, atarudi, nami ningekuwa yeye ningerudi.

Kikwazo kigumu zaidi si gunia la nyanya. Tume ya Ndung'u, katika ripoti yake ya 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawanywa kiharamu, ilionyesha jinsi mashirika ya serikali, la reli likiwamo, yalivyopoteza viwanja kwa watu wenye uwezo. Mwenye uwezo huyo hana gunia la kukunja. Ana ukuta wa mawe, ana hati, ana wakili. Mhandisi anayetafuta mita kumi za njia ya pili atampata mchuuzi kwa notisi ya gazetini, na mwenye hati kwa kesi isiyojulikana itakwisha lini, na njia ya kupishana haiwezi kujengwa nusu.